Pipi ya mnanaa ya kutafuna: ilikotoka, inavyopikwa na kwa nini hununuliwa hata kwenye baridi ya Njombe

Kwenye stendi za Mafinga, Makambako na Mbeya, wachuuzi wanaokimbilia madirisha ya mabasi hawakosi maji ya chupa, biskuti na pipi za mnanaa. Pipi hizo hununuliwa hata mwezi wa saba, wakati abiria wanaoelekea Njombe wamejifunika makoti na mashuka mazito, na jambo hilo linastahili kutafakariwa, kwa sababu mtu ambaye tayari anasikia baridi analipa fedha ili aongezewe baridi mdomoni. Ukimuuliza sababu, atakuambia kwamba pipi inafungua kifua, au inatuliza kichefuchefu cha kona za mlima wa Kitonga, au inaondoa harufu ya mdomo kabla hajafika kwa wenyeji wake. Kila jibu lina sehemu ya ukweli, lakini hakuna hata moja linaloeleza kwa nini anaitaka ile ya kutafuna badala ya ile ngumu ya kumung'unya, wala kwa nini pipi ileile aliyoinunua Kyela ikiwa laini inamsumbua meno akifika Makete.

Ili kulifumbua jambo hili ni lazima kutenganisha mambo matatu ambayo mlaji huyapokea kwa mkupuo mmoja: ganda linalovunjika, kiini kinachotafunika, na ubaridi unaobaki baada ya pipi kwisha. Mambo hayo hayakuzaliwa siku moja wala mahali pamoja, na kila moja lina sheria zake. Maoni yangu ni kwamba pipi hii, ambayo maarufu kuliko zote duniani ni Mentos, imependwa kwa zaidi ya miaka 90 kutokana na namna hisia hizo zinavyofuatana, kuliko kutokana na ladha ya mnanaa yenyewe, ambayo kila mwenye bustani nyuma ya nyumba anaweza kuipata bure kwenye kikombe cha chai.

Mnanaa ambao mafuta yake hutumika zaidi kwenye pipi ni chotara wa mnanaa wa majini na mnanaa wa bustanini. Uliingia kwenye maandishi ya wataalamu wa mimea nchini Uingereza mwishoni mwa karne ya 17, na John Ray aliuandika mwaka 1696. Kwa kuwa ni chotara tasa, haupandwi kwa mbegu. Wakulima hukata mashina yake yanayotambaa na kuyazika upya, na kwa njia hiyo eneo la Mitcham, kusini mwa London, lilijaa mashamba ya mnanaa na mitambo ya kukeneka mafuta yake kwa mvuke. Mafuta hayo yalipotengana na jani na kuwa bidhaa inayojazwa kwenye chupa, watengenezaji wa peremende waliweza kuyachanganya na sukari kwa kipimo.

Kwa muda mrefu, hata hivyo, pipi nyingi za mnanaa zilikuwa ngumu, au zilikuwa unga wa sukari ulioshindiliwa. Mwaka 1912, Clarence Crane wa jimbo la Ohio nchini Marekani, ambaye biashara yake ya chokoleti ilidorora kila kiangazi kwa sababu chokoleti ilikuwa ikiyeyuka, alitoa pipi ya mnanaa yenye tundu katikati na kuiita Life Savers. Polo ya Uingereza, nayo yenye tundu, ilifuata mwaka 1948. Zote mbili ni za kumung'unya, na mtu anayezitafuna anazivunja tu.

Utafunaji wa pipi hii ulitoka Uholanzi. Katika mji mdogo wa bandari unaoitwa Breskens, Izaak van Melle alianza mwaka 1900 kutengeneza peremende, akitoka kwenye kazi ya ukoo wake ya kuoka mikate. Mwaka 1931 kampuni hiyo ilianza kutoa Fruittella, pipi laini yenye ladha ya matunda, na kwa hiyo ujuzi wa kupika kiini kinachotafunika ulikuwa tayari mikononi mwao. Simulizi ya kampuni yenyewe inasema kwamba mwaka 1932 ndugu wawili, Michael na Pierre van Melle, walikuwa kwenye treni kuelekea Poland walipopata wazo la karameli yenye ladha ya mnanaa. Wazo la safarini linavutia kulisimulia, lakini kwangu lenye uzito zaidi ni kwamba ndugu hao hawakubuni kitu kutoka patupu; walichukua ulaini waliokwisha kuufahamu, wakauunganisha na ubaridi ambao hadi hapo ulikuwa zaidi mali ya pipi ngumu, kisha vyote viwili vikavikwa ganda la sukari.

Vita vya Pili vya Dunia viliikuta kampuni hiyo kwenye mlango wa mto Scheldt, ambako majeshi yalipigania njia ya kuingia bandari ya Antwerpen, na mnamo Septemba 1944 mji wa Breskens uliharibiwa vibaya kwa mabomu. Baada ya vita uzalishaji uliendelea. Mwaka 2001 kampuni hiyo iliunganishwa na Perfetti ya Italia, iliyoanzishwa mwaka 1946 na ndugu wengine wawili, Ambrogio na Egidio Perfetti, katika mji wa Lainate karibu na Milano, na tangu hapo jina likawa Perfetti Van Melle.

Sasa tuje kwenye upishi, maana hapo ndipo wakazi wa nyanda za juu kusini wana jambo lao la pekee la kulifahamu.

Pipi zote za sukari iliyochemshwa huanza na shira. Sukari huyeyushwa kwenye maji, na kadiri maji yanavyopungua kwa mvuke ndivyo shira inavyozidi kuwa nzito na joto lake la kuchemka linavyopanda. Ikipikwa hadi nyuzi 150 hivi za Selsiasi, karibu maji yote yanakuwa yameondoka, na ikipoa inakuwa ngumu na ya kung'aa, ambayo ndiyo pipi ya kumung'unya. Ikiishia karibu na nyuzi 120, maji kidogo yanabaki ndani, na maji hayo ndiyo yanayoruhusu kiini kuvutika na kutafunika. Tofauti kati ya pipi inayovunja jino na ile inayonata vidoleni inaweza kuwa asilimia chache tu za maji.

Sukari peke yake haitoshi, kwa sababu shira yake ikipoa hupenda kurudi kuwa fuwele, na pipi inakuwa ya chengachenga. Ndiyo maana huongezwa shira ya glukosi, ambayo hutengenezwa kwa kuvunjavunja wanga wa mahindi au ngano hadi kupata minyororo mifupi ya sukari. Minyororo hiyo hukaa katikati ya chembe za sukari ya kawaida na kuzizuia zisijipange. Mkazi wa Mbozi au Mufindi anayepeleka magunia ya mahindi sokoni anauza, bila kulifikiria hivyo, malighafi ya nusu ya utafunaji huu. Huongezwa pia mafuta ya nazi yaliyofanywa yagande kiwandani, ambayo hubaki magumu kwenye joto la kawaida la chumba lakini huyeyuka kwenye joto la mdomo, na hayo ndiyo yanayofanya pipi iteleze badala ya kung'ang'ania meno kama gundi. Baadhi ya aina huwekewa jelatini, nyingine gundi za mimea. Mwishoni mchanganyiko huo, ukiwa bado na joto, huvutwa na kukunjwa mara nyingi kwa mashine ili hewa iingie. Viputo hivyo vidogo huufanya uwe mweupe, mwepesi, na rahisi kukatika kwa meno.

Hapo ndipo mwinuko unapoingia. Maji huchemka kwa nyuzi 100 mtu akiwa usawa wa bahari, lakini jijini Mbeya, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,700, huchemka kwa nyuzi 94 hivi kwa sababu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo. Shira nayo hushuka kwa kiasi kilekile. Mtu aliyeelekezwa na kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya pwani aipike shira yake hadi nyuzi 120, akiifuata hesabu hiyo Mbeya, atakuwa ameondoa maji mengi kuliko yanavyotakiwa, na pipi yake itatoka ngumu. Inambidi aishie karibu na nyuzi 114. Mpishi wa kashata ambaye hana kipimajoto na anadondosha tone la shira kwenye bakuli la maji baridi ili alibinye kwa vidole hapati tatizo hilo kamwe, kwa kuwa anapima ugumu wenyewe, na ugumu haudanganywi na mwinuko. Viwanda vikubwa navyo hutumia kanuni hiyo ya kanieneo ndogo kwa makusudi: hupika shira ndani ya vyombo vilivyopunguzwa hewa, maji yakatoka kwa joto dogo, sukari isiungue wala kubadilika rangi.

Joto la mahali linaendelea kuitawala pipi hata baada ya kutoka kiwandani. Kiini kinachotafunika si kigumu kabisa wala si kimiminika. Kiko katikati, na kikipoa vya kutosha hupoteza ulegevu wake na kuanza kuwa kama kioo. Kyela, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, mwinuko ni chini ya mita 500 na hewa ina joto na unyevu, hivyo pipi hubonyea mara tu inapowekwa mdomoni. Makete au Njombe, asubuhi ya Julai, pipi iliyolala mfukoni mwa koti lililotundikwa ukutani inahitaji kushikiliwa shavuni kwa muda kabla ya kutafunwa. Mama anayemwambia mtoto wake, "Mwanangu, imung'unye kwanza, usiiume," anatoa ushauri sahihi wa kitaalamu: anaipa pipi muda wa kufika kwenye joto ambalo mpishi wake aliikusudia.

Ganda la nje lina kazi ya kuulinda ulaini huo. Vipande vya kiini huwekwa kwenye ngoma kubwa zinazozunguka, hunyunyiziwa shira, hupulizwa hewa kavu, hunyunyiziwa tena, tabaka juu ya tabaka. Humo hutumika pia ulimbo wa migunga, unaojulikana sokoni kama gamu arabiki, ambao sehemu kubwa yake duniani hutoka Sudan, na mwisho kabisa pipi hung'arishwa kwa nta, mara nyingi ile ya mchikichi wa karnauba wa Brazil. Ganda hilo huzuia unyevu usiingie wala kutoka, na vilevile humpa mlaji ukinzani mfupi wa mwanzo, mlio mdogo wa kuvunjika, kabla ya kukutana na ulaini. Nikiondolewa ganda hilo nitabaki na karameli nzuri tu. Nikiondolewa ulaini nitabaki na pipi ngumu ya kawaida. Kufuatana kwake ndiko kunakomfanya mtu achukue ya pili.

Jambo la tatu ni baridi, na hapa ndipo wengi tunapochanganyikiwa. Pipi ya mnanaa haipunguzi joto la mdomo. Ukiweka kipimajoto chini ya ulimi wa mtu anayeitafuna, hutaona kushuka kunakolingana na baridi anayoisikia. Kinachotokea ni kwamba mafuta ya mnanaa yana kemikali inayoitwa mentoli, na kwenye ncha za neva zetu, ulimini, puani na hata kwenye ngozi, kuna kipokezi cha protini kinachoitwa TRPM8 ambacho kazi yake ni kuujulisha ubongo kwamba kuna baridi. Kwa kawaida kipokezi hicho hufunguka joto linaposhuka chini ya nyuzi 26 hivi. Mentoli ikijishikiza kwake, kiwango hicho hupanda, kipokezi kikafunguka wakati mdomo ungali na joto lake la kawaida, na ubongo ukapokea taarifa ya baridi ambayo haipo, kama wanafunzi wanaotoka darasani kwa sababu kengele imegongwa kabla ya saa yake. Na mtu akivuta pumzi baada ya hapo, au akinywa maji ya kawaida, upoaji mdogo tu unatosha kuzidisha hisia hiyo, kwa kuwa vipokezi tayari viko tayari kufunguka.

Kipokezi hicho kilitambuliwa mwaka 2002 na makundi mawili ya watafiti yaliyofanya kazi kila moja kivyake jimboni California, moja likiongozwa na David Julius na jingine na Ardem Patapoutian. Mentoli ilikuwa mojawapo ya funguo zao. Mwaka 2021 wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba kwa kazi yao kuhusu namna mwili unavyohisi joto na mguso. Mentoli yenyewe sasa haitegemei mimea pekee: sehemu yake hukamuliwa kutoka mnanaa wa mashambani wa India, na sehemu hutengenezwa viwandani, ikiwemo kwa njia ya mwanakemia wa Japani Ryoji Noyori, aliyepewa Nobel ya Kemia mwaka 2001.

Maarifa haya yanajibu madai ya abiria wetu. Kuhusu kufungua kifua na pua, watafiti waliopima hewa inayopita puani kabla na baada ya mtu kutumia mentoli walikuta kwamba kiasi cha hewa hakiongezeki, ingawa mhusika anaapa kwamba pua yake imefunguka. Neva zinazohisi baridi ya hewa zimeamshwa, ubongo ukahitimisha kwamba hewa nyingi inapita. Nafuu hiyo ni ya kweli kama hisia, na kwa mtu mwenye mafua usiku wa baridi hisia hiyo ina thamani. Hata hivyo haitibu kifua, na mzazi ambaye mtoto wake anapumua kwa shida asiridhike na pipi bali ampeleke kituo cha afya. Kuhusu kichefuchefu, mafuta ya mnanaa kwa kipimo cha dawa hulegeza misuli ya utumbo, lakini kiasi kilichomo kwenye pipi ni kidogo mno. Abiria wa Kitonga anasaidiwa zaidi na kutafuna na kumeza mate, pamoja na harufu inayomwondoa kwenye moshi wa magari mazito yanayopanda kwa gia ndogo mbele ya basi lake.

Harufu ya mdomo inahitaji uangalifu zaidi. Mara nyingi hutokana na bakteria wanaoishi nyuma ya ulimi na kati ya meno, ambao huvunja protini na kutoa gesi zenye salfa. Mnanaa huifunika harufu hiyo kwa dakika chache bila kuiondoa, na sukari iliyomo huwalisha bakteria wengine wanaotoa asidi. Asidi ya mdomo ikifikia kiwango cha pH 5.5 au chini yake (kipimo hicho hushuka kadiri asidi inavyozidi), tabaka la nje la jino huanza kupoteza madini, na mate huhitaji nusu saa au zaidi kurudisha hali. Pipi ya kutafuna ina hatari ya ziada kuliko ile inayoyeyuka upesi, kwa kuwa mabaki yake hujibanza kwenye mashimo ya magego. Na kwa kuwa mate huhitaji muda huo kila mara, anayekula pipi tatu mfululizo anayaumiza meno kidogo kuliko anayekula moja kila saa kutoka Iringa hadi Tunduma. Nalisisitiza hili kwa sababu watoto wetu hupewa pipi bila hata kuziomba: muuza duka asiyekuwa na shilingi 50 ya kurudisha humwambia mteja, "Dada, chenji hamna, chukua pipi," na pipi hiyo hufika nyumbani na kuishia mdomoni mwa mdogo kuliko wote. Anayependa ubaridi bila madhara hayo ana aina zisizo na sukari, ambazo hutiwa utamu ambao bakteria wa meno hawawezi kuutumia vizuri, ingawa zikiliwa nyingi huharisha.

Mwaka 2006 pipi hii ilipata umaarufu ambao waanzilishi wake hawakuutazamia. Wamarekani wawili, Fritz Grobe na Stephen Voltz, walisambaza mtandaoni video ya chupa za soda ya Diet Coke zikirusha povu juu baada ya kutumbukiziwa Mentos. Vijana wengi waliamini kwamba kuna kemikali mbili zinazopambana, na wengine wakaogopa kula vyote viwili. Mwaka 2008 Tonya Coffey wa Chuo Kikuu cha Appalachian State alichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba jambo hilo ni la kifizikia. Soda imebeba gesi ya kaboni dioksidi iliyoyeyushwa kwa nguvu, na gesi hiyo inatafuta mahali pa kuanzia kuwa kiputo. Ganda la pipi linaonekana laini kwa macho, lakini kwenye hadubini limejaa vishimo, na kila kishimo ni mahali pa kuzalia viputo. Ulimbo wa migunga uliomo kwenye ganda hurahisisha viputo kutokea, na kwa kuwa pipi ni nzito huzama upesi, gesi hulipuka kutoka chini ya chupa na kusukuma kimiminika chote kilichoko juu yake.

Uchunguzi mmoja uliofuata unatuhusu moja kwa moja. Mwaka 2020 walimu wawili wa Marekani, Thomas Kuntzleman na Ryan Johnson, walichapisha matokeo ya majaribio hayo yaliyofanywa kwenye miinuko tofauti, kuanzia bonde la Death Valley lililo chini ya usawa wa bahari hadi kilele cha Pikes Peak chenye mita 4,300. Povu liliongezeka kadiri walivyopanda, tena kuliko ambavyo kupungua kwa kanieneo ya hewa peke yake kungeeleza. Wao walilazimika kusafiri mbali kupata tofauti hizo. Mwalimu wa fizikia wa mkoa wa Mbeya anazo karibu: ufukwe wa Matema kwenye Ziwa Nyasa, ambako kanieneo ya hewa ni takriban asilimia 94 ya ile ya baharini, jiji la Mbeya, ambako ni asilimia 81 hivi, na kwenye tambarare za Kitulo, kwa zaidi ya mita 2,600, ambako hushuka hadi karibu asilimia 73. Vifaa vinavyohitajika ni chupa tatu za soda za aina moja zilizowekwa kwenye joto moja, idadi sawa ya pipi, na mizani ya jikoni ya kupima soda iliyobaki ndani ya chupa baada ya povu kutulia. Joto ndilo jambo la kulichunga kuliko yote, kwa kuwa soda iliyopoa kwa baridi ya Kitulo hushikilia gesi yake zaidi ya ile iliyokaa kwenye jua la Matema, na asiyelisawazisha hilo atapata matokeo yanayopingana na ukweli.